Uzoefu wangu: pikapu ya piezo kwa banjo inayopigwa pamoja na dramu

Sauti ninayoitafuta ni ya mkondo wa New Grass Revival, kundi la Kentucky lililoundwa 1971 na kuchanganya bluegrass na rock: mtindo wa vidole vitatu wa mpiga banjo Earl Scruggs juu ya besi ya umeme. Hapo maiki ya kawaida haifui dafu. Ukiipandisha, inadaka matoazi kabla ya nyuzi. Ndiyo maana nimehamia piezo ya kubandika, kisahani kinachogeuza mtikisiko wa banjo kuwa umeme.

Kuifunga ni rahisi. Toa rezoneta, bakuli la nyuma la banjo (kwangu ni skrubu 4), futa ngozi ya banjo kwa ndani kwa spiriti, ikikauka bandika kisahani chini ya mguu wa kati wa daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Kikikaa upande wa uzi wa kwanza, sauti inakuwa kali na uzi wa nne unafifia. Waya usiguse ngozi, utakwaruza.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuichomeka moja kwa moja kwenye miksa. Laini ya miksa mara nyingi ina impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya umeme) ya takriban kiloohm 10, na piezo inataka megaohm 1 au zaidi. Chini ya hapo sauti nzito zinapotea, banjo inalia kama bati. Preampu, kifaa cha kukaa kati ya piezo na miksa, ni lazima, nayo haimo kwenye boksi la piezo.

Halafu kuna mluzi, yaani sauti ya spika kurudi kwenye pikapu na kulia. Ngozi ya banjo ni ngoma kamili, inatikiswa na monita (spika za jukwaani) na besi. Kwenye tyuni ya G uzi wa chini kabisa ni D, hezi 147 hivi, kwa hiyo kata masafa ya chini ya hezi 100 bila kupoteza noti yoyote. Weka sponji nyepesi kati ya ngozi na fito la ndani linalopita chini yake. Ukiijaza sana noti zinakufa mapema. Mluzi ukibaki, kwangu hukaa kati ya hezi 250 na 400: punguza desibeli 4 hadi 6 hapohapo tu.

Ovadraivu, yaani mkwaruzo wa sauti kama wa gitaa la rock, iwe ndogo. Noti ya banjo hufa haraka, na ukikoleza, mfululizo wa vidole unageuka kelele. Dilei, kifaa cha mwangwi, ndiyo inayoleta rock: kwa mapigo 140 kwa dakika, weka milisekunde 321, mwangwi uangukie katikati ya noti zako. Kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo, nimeitoa kabisa, inaurudisha mluzi.

Kwa ukumbi mtulivu bado natumia maiki. Piezo ina mgongano wa ukucha usio mzuri. Kwa jukwaa lenye dramu, nyota 4 kati ya 5.