TAHADHARI: Viyoyozi vya mtumba vilivyopigwa na mvua ya mawe vinauzwa hapa Mombasa

Ndugu zangu, hasa mnaotafuta kiyoyozi kabla joto la kaskazi halijakolea, tafadhali someni haya kabla hamjatoa pesa.

Mama yangu ana presha, na joto la Februari humlaza kitandani. Tukachangishana nyumbani tumwekee kiyoyozi cha nyumba nzima, kile ambacho mashine kubwa hukaa uani na hewa baridi hupita darini kwenda kila chumba. Kipya hatukukiweza. Tukaelekezwa kwa muuzaji mwenye yadi, aletaye mitumba kwa kontena. Akatutolea mashine kutoka Marekani, imepakwa rangi nyeusi ikang'aa, akataka Sh 160,000, tukapatana 138,000.

Juu ya bati niliona vishimo vidogo vya mviringo, kama mtu amelibonyeza kwa mgongo wa kijiko. Nikamuuliza. Akasema mizigo iligongana ndani ya kontena, bati ni gamba tu, roho ya mashine iko ndani. Nikamwamini. Nikalipa kwa M-Pesa, na fundi wake mwenyewe akaja kuifunga.

Siku ya kumi na moja kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, iliungua.

Fundi niliyemwita kutoka Kisauni alitoa wavu, akamulika tochi, akaniita nitazame. Mabomba ya shaba ya mashine ya nje yamezungukwa na mapezi ya alumini, membamba kama karatasi, na feni huvuta hewa katikati yake ili joto lililotolewa ndani ya nyumba lipate pa kwenda. Upande mmoja wa mashine mapezi yote yalikuwa yamelazwa. Mtu ameyachana kwa kichana maalumu yakasimama kwa nje, akapulizia rangi juu yake. Ndani yamebaki yameshikana, hewa haipiti. Pande nyingine zilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo lililotutatiza: kontena gani hugonga upande mmoja kwa vishimo vinavyolingana hivyo?

Nikamtumia picha binamu yangu anayeishi Dallas, Marekani. Jibu lilikuja hapo hapo: hiyo ni mvua ya mawe. Kwao mawe husukumwa na upepo, kwa hiyo kipigo huonekana juu na upande ule upepo ulikotokea. Mwenye nyumba akilipwa na bima hufungiwa mashine mpya, na ile iliyopondwa huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mtu wa Kericho au Nandi, aliyezoea kuona majani chai yakipukutishwa na mawe, pengine angevitambua vile vishimo. Sisi huku pwani, hata masika yakichachamaa namna gani, yanayotufikia ni maji, kwa kuwa barafu huyeyuka katika hewa yetu ya joto kabla haijafika chini. Tunauziwa alama tusizozijua, na naamini muuzaji analifahamu hilo vizuri.

Msidanganywe kwamba mapezi ni urembo. Yakiziba, joto halitoki, shinikizo la gesi linapanda, kompresa inafanya kazi kupita kiasi, bili ya umeme inapanda huku chumba hakipoi. Tena hewa yetu ina chumvi. Alumini na shaba zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa haraka, inageuka unga mweupe, na pezi lililokwisha kujeruhiwa halina muda mrefu.

Kuna jambo jingine ambalo fundi alinionyesha na ambalo lilinichoma zaidi, kwa sababu lilikuwa limeandikwa waziwazi. Kibati cha maelezo kilisema volti 208/230 na Hz 60 (hertzi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde). Umeme wa Kenya ni volti 240 na Hz 50. Mota iliyoundwa kwa Hz 60 peke yake, hapa huzunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita na hupata moto zaidi, na transforma haiwezi kubadilisha Hz. Hata bila mawe, mashine ile haikuwa ya kufungwa kwetu.

Kwa hiyo, mkienda yadi, nendeni mchana na tochi, na fundi wenu, si wa muuzaji. Someni kibati kwanza. Kikitaja Hz 60 bila 50, ondokeni. Kikitaja gesi ya kupoozea ya R-22, fikirini mara mbili, maana Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza na kuiingiza tangu 2020. Pitisheni kiganja juu ya bati, rangi mpya haifichi vishimo. Mulikeni katikati ya mapezi, si juu yake.

Nilipompigia, muuzaji alisema mtumba haurudishwi, kisha akaacha kupokea simu zangu. Lakini Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000. Nimehifadhi ujumbe wa M-Pesa, picha, na maelezo ya fundi kwa maandishi. Wiki ijayo naenda kufungua madai.

Kama nawe umeuziwa mashine nyeusi yenye vishimo juu na upande mmoja, izime, usimruhusu fundi wa muuzaji aiguse tena, kipige picha kibati kabla hakijabanduliwa, kisha niandikie.