Uzoefu wangu na deikea mbili hapa Mwanza: wahesabu walezi

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na alfajiri lazima niwe mezani kwangu. Binti yangu akiwa na miezi 11, dada wa kazi alirudi kwao Sengerema, ikabidi nitafute deikea.

Ya kwanza sitaitaja jina. Jengo zuri, ukuta umechorwa twiga, kwa mwezi 40,000. Nilikagua choo, magodoro na geti, watu sikuwahesabu. Wiki ya tatu mtoto akaanza kurudi na vipele mapajani. Asubuhi moja nikaitia pampasi yake alama ndogo ya kalamu. Jioni alirudi na ileile, imejaa mpaka inaning'inia.

Kesho yake niliondoka Mwaloni saa nne, nikaenda bila taarifa. Watoto 26, walezi wawili, na mmoja wao yuko jikoni anakoroga uji. Aliyebaki alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, huku anamfuta kamasi wa tatu. Wangu amelala chali, chupa ya maziwa imeegemezwa kwenye kanga iliyokunjwa, ananyonya peke yake. Angepaliwa, nani angemwona?

Yule dada simlaumu hata kidogo. Aliniambia, "Mama, nikimbadilisha huyu, yule anapanda dirishani." Ana upendo, lakini mikono ni miwili. Uingereza, kwa watoto wa chini ya miaka 2, sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 3. Hapa pesa hiyo wengi hatuna, najua, lakini 26 kwa mtu mmoja si malezi. Na mishahara ilikuwa inachelewa, kwa hiyo kwa miezi minne niliyomweka mtoto pale waliondoka walezi watatu. Kila akija mlezi mgeni, binti yangu anaanza kulia upya getini.

Sasa yuko Buzuruga, 70,000. Watoto 12, walezi watatu, na mpishi ni mtu mwingine kabisa. Hilo la mpishi liulizeni, maana ndipo mlezi mmoja anapopotelea. Cheti cha ustawi wa jamii kilikuwa ukutani kote kuwili, ila hakikuambii leo wamekuja wangapi.

Vipele viliisha ndani ya wiki. Jioni naambiwa: amekunywa uji nusu kikombe, amelala saa sita mchana, kidoleni alikuwa na mwiba tumeutoa. Kule alikuwa kimya kabisa. Hapa wanaongea naye wakimnawisha, na mwezi wake wa pili hapa akasema "maji".

Kasoro ni kwamba wanafungua saa kumi na mbili na nusu, wateja wangu wa mapema nawakosa. Hiyo inaniuma.

Mwezi uliopita mlezi mmoja alifiwa. Saa kumi na moja alfajiri mwenye kituo akanipigia: "Mama, leo tuko pungufu. Anayeweza kubaki na mwanawe abaki, wengine nitakaa nao mwenyewe." Nilimpeleka. Nilipomfuata jioni, nilimkuta mwenye kituo amekaa mkekani, binti yangu amemlalia mapajani.