Spea za nyuma za Bajaji ya zamani: bushi kwanza, shokapu baadaye

Karibuni wadau wa matairi matatu. Leo tunachambua spea za nyuma za Bajaji RE, ile ya zamani yenye injini ya mipigo miwili, CC 145. Bajaji yenyewe iko hapa nyuma yangu, imeshafungwa vitu vipya na inapiga kazi. Mezani nimeweka vilivyotoka, pamoja na spea mpya za kulinganishia, nilizochukua Gerezani hapa hapa Dar.

Kuna jambo linawamalizia watu hela. Bajaji ikianza kulala upande mmoja, dereva anakimbilia kununua shokapu. Ndugu yangu, shokapu haibebi uzito. Uzito unabebwa na springi, na tairi linasimama wima kwa sababu ya mkono, yaani chuma kinachoshikilia tairi kwenye bodi, na bushi zake, vile vibomba vya mpira au chuma ambamo mkono unachezea. Shokapu inatuliza springi tu isiendelee kudunda.

Halafu kumbuka chombo chenyewe kilivyo. Mwaka 1977 Bajaj walitoa bajaji yenye injini nyuma, na RE ndiyo uzao wake. Injini, giaboksi, difu, abiria watatu na mizigo yao, vyote vimekaa nyuma. Mbele kuna tairi moja, na tairi moja haliwezi kuzuia chombo kisilale kwenye kona. Kazi hiyo yote inafanywa na mikono miwili ya nyuma. Ukiwa na bushi mbovu upande mmoja, kila kona unayokata unabahatisha na roho za watu.

Sogeza kamera hapa. Hii ndiyo pini iliyotoka mkono wa kushoto. Pitisha ukucha taratibu... umeona unavyokwama? Hapo chuma kimelika mpaka kimefanya ngazi. Na hili ndilo tairi lililokuwa upande huo, 4.00-8: nje kashata, yaani vile vibonge vya mpira, bado zipo, ndani limebaki uzi. Tairi likiisha hivi, usilaumu tairi. Mkono umelegea, tairi limeinamia ndani.

Utajuaje ni bushi au beringi? Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, shida iko kwenye beringi ya habu, pale katikati tairi linapofungwa. Ukibaki vile vile, ni bushi ya mkono. Kipimo hiki hakina gharama, na fundi asiyekifanya kabla ya kukuandikia orodha ya spea, mwombe akifanye mbele yako.

Sasa bushi zenyewe. Pea ya bei ya chini hii, mpira wake ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea kirahisi, na bomba la katikati linazunguka ndani ya mpira. Hiyo iache dukani. Hii nyingine mpira umeshikana na chuma, haujitenganishi. Hii ndiyo niliyofunga, na hapa sikushauri ubane matumizi hata kidogo. Lakini kuna siri kwenye kuifunga: bolti usiikaze mkono ukiwa unaning'inia. Shusha bajaji chini kwanza, ikae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa juu, mpira unajisokota kila siku na unachanika mapema. Kama zako ni za chuma zenye nipeli, kile kichwa cha kupampia grisi, pampu grisi mpaka ile chafu itoke yote.

Beringi: dai yenye maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, siyo kwenye boksi tu. Zungusha sikioni, isikwaruze. Wakati wa kuiingiza kwenye habu gonga pete ya nje kwa bomba linaloenea, kamwe usigonge pete ya ndani, maana unaiua kabla haijatembea. Sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia grisi, ni lazima, kwa sababu grisi ikivuja inafika kwenye breki.

Shokapu hizi mpya nimezipenda. Isimamishe, ivute na kuisukuma mara kadhaa hewa itoke. Nzuri inakuwa nzito zaidi ukiivuta kuliko ukiisukuma, na haina mahali inapopwaya. Nunua mbili, usichanganye mpya na kuukuu. Springi nazo zisimamishe pamoja mezani. Zikipishana urefu, badilisha zote mbili. Zile springi nene wanazouziwa wabeba mizigo mimi sizifungi. Bajaji inakuwa ngumu, na kishindo chote kinahamia kwenye bodi, ndiyo maana unaona nyingi zimepasuka pale springi inapoegemea. Na tafadhali, kabla hujachomoa bolti ya shokapu, tegemeza mkono kwa jeki. Ukidondoka, springi inaruka na paipu ya breki inavutika.

Zimebaki shafti, zinazopeleka nguvu ya injini kwenye matairi. Ukiachia klachi ukasikia "kong'", kagua meno ya shafti na mipira inayokinga grisi. Mpira ukichanika, mchanga unaingia, shafti inakwisha. Hapa nilibadilisha mipira na grisi peke yake, meno yalikuwa bado makali, na mlio umekwisha. Kwa hiyo usikubali kuuziwa shafti nzima kabla hujafungua na kuona meno kwa macho yako. Nati ya habu ikishakazwa, pini yake ya kukunja, inayoizuia isifunguke, iwe mpya. Ile ya zamani iliyokunjwa mara nyingi itupe.