Dawa ya kutunza unyevu ndani ya zege: tathmini baada ya kuitumia Dodoma

Kwa anayejenga Dodoma kati ya Juni na Oktoba, kumwagilia zege ni kazi inayochosha kuliko kulimwaga, kwa kuwa mvua hakuna, upepo hautulii, na boza la maji mara nyingi hufika wakati nguzo zimekwisha kukauka. Ndiyo maana niliamua kujaribu poliethilini glaikoli 400, ambayo muuzaji wa kemikali aliniuzia kama dawa ya kulifanya zege lijitunzie maji lenyewe. Niliitumia kwenye nguzo na slabu ya nyumba ya ghorofa moja ninayoisimamia.

Mafundi wengi huamini kwamba zege hukomaa kwa kukauka, kumbe saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, na maji yakitoroka mapema kazi hiyo hukatika njiani. Dawa hii hushikana na maji yaliyomo ndani ya zege na kuyapunguzia kasi ya kugeuka mvuke. Ni kimiminika cheupe kama maji, kizito kidogo, kinachoyeyuka chote. Kipimo kinachotumika sana ni kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito wa saruji. Mimi nilichukua asilimia 1, yaani gramu 500 kwa mfuko wa kilo 50, nikaikoroga kwanza kwenye maji ya kuchanganyia. Zege lilikuwa laini kuliko kawaida, ikabidi tupunguze maji, na hapa fundi asiye makini anaweza kujiharibia mwenyewe.

Kwenye nguzo sina lawama hata moja. Magunia mabichi huwa yanapeperushwa na upepo kabla ya jioni, lakini safari hii hatukufunga chochote. Siku ya saba nilikwaruza nguzo mbili kwa msumari: yenye dawa iliacha mstari mweupe mwembamba, na ile isiyo na dawa, ambayo nayo haikumwagiliwa, ilitoa unga uliojaa kwenye ukucha. Tulitengeneza pia vipande tisa vya majaribio vya milimita 150. Vilipopondwa maabara baada ya siku 28, vitatu vilivyozamishwa majini viliongoza, vitatu vyenye dawa vilivyoachwa hewani vikafuata kwa karibu, na vitatu vilivyoachwa hewani bila dawa vikabaki nyuma sana.

Slabu ilikuwa habari nyingine. Tulimaliza kumwaga saa saba mchana, na kufikia saa tisa, upande unaopigwa na upepo ulikuwa na nyufa nyembamba kama uzi, nyingine zenye urefu wa kiganja, ilhali zege lilikuwa bado linabonyea kwa kidole. Katika saa hizo za mwanzo uso wa slabu hupoteza maji upesi kuliko yale yanayopanda kutoka chini, na kiasi hicho cha dawa hakiwezi kushindana na jua na upepo kwa pamoja. Tulizifunga nyufa kwa mwiko haraka, tukafunika kwa nailoni nzito. Nusu ya pili, iliyofunikwa mara tu baada ya kusawazishwa, haikupasuka mahali popote.

Jambo lililonikera ni maelezo ya muuzaji, ambaye alinihakikishia kwamba dawa hii inaondoa kabisa haja ya kufunika na kumwagilia, huku dumu lenyewe likiwa halina kipimo wala tarehe ya kutengenezwa. Mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza kwa akiba ya miaka angeamini maneno hayo na kupoteza slabu nzima.

Kwa nguzo, lenta na kuta za zege, ambako maji hayatuami, ninaipendekeza bila kusita. Kwa slabu nitaendelea kuitumia, ila nailoni itakuwa imekunjuliwa kando ya mashine kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, na boza litaagizwa kwa ajili ya kumwagilia siku saba zinazofuata.