Kifaa changu cha matundu ya vifungo kimetoka kwa fundi bila kifuniko cha meno

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Kile kifaa cha Singer cha kupigia matundu ya vifungo, cha kisanduku cha kijani, nimekirithi kwa mama. Majirani huniuliza kama kinafaa kununuliwa wakikikuta mnadani au kwa wauza vyuma chakavu. Zamani ningekujibu ndiyo hata kabla hujamaliza kuuliza. Lakini kuna siku, karibu na shule kufunguliwa, ningekuambia ukiache hukohuko kioze.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajawahi kukishika. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, inapiga mshono wa kunyooka tu. Sindano inapanda na kushuka, basi. Sasa tundu la kifungo linataka zigizagi, yaani mshono wa kwenda kushoto na kulia. Kifaa hiki unakifunga pale unapofungwa mguu wa cherehani, ule unaokandamiza nguo, uma wake unakumbatia skrubu inayobana sindano. Kila sindano inapopanda na kushuka, uma unasukuma gia za ndani, na kibati chenye umbo la tundu kinazunguka taratibu. Nguo imebanwa, na nguo ndiyo inayotikiswa kushoto na kulia, inakwenda, inageuka kwenye ncha, inarudi mpaka ilipoanzia. Unazungusha mara mbili, ya pili inakaa juu ya ya kwanza, na tundu linakuwa nene na gumu. Mama alishona mashati na kanzu kwa kifaa hiki, na zipo kanzu zake ambazo kitambaa kimechakaa lakini matundu bado hayajafumuka.

Ili nguo itikisike hivyo, meno ya cherehani, yale ya chini yanayoivuta nguo, yasiiguse kabisa. Cherehani nyingine meno yake yanashushwa. Yangu hayashuki. Ndiyo maana ndani ya kisanduku kuna kifuniko cha meno, bapa la chuma unalolaza juu ya meno na kulifunga kwa skrubu. Ukikitazama utadhani hakina maana, na hapo ndipo nilipoumizwa.

Kifaa kilianza kuwa kizito. Najua sababu: mafuta ya zamani yameganda, yameshikana na vumbi la uzi. Ningeweza kukisafisha mwenyewe, lakini nilikuwa na kazi nyingi, nikampelekea fundi mmoja hapa Tanga anayetengeneza cherehani, na kisanduku chote. Nilikichukua baada ya siku kadhaa, nikalipa bila kuuliza bei mara mbili, nikarudi nyumbani.

Shati la kwanza, tetroni nyeupe, likaharibika. Tundu upande mmoja mishono imerundikana kama uvimbe, upande wa pili imetawanyika, mzunguko wa pili umeangukia pembeni ya wa kwanza. Nikabadilisha sindano, nikabadilisha uzi, nikalegeza uzi wa juu, nikaukaza. Nikaweka karatasi chini ya kitambaa. La pili nalo likaharibika. Mteja wangu, mama wa watoto wawili, anasubiri mashati, shule inafunguliwa, na mimi nimekaa mbele ya cherehani machozi yananilenga, nakitukana kifaa cha marehemu mama yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela ya kitambaa, na hela yenyewe niliitoa mfukoni mwangu.

Nikafungua mfuniko wa juu nione ndani. Grisi! Grisi nyeusi ya magari, imepakwa juu ya uchafu uleule wa zamani. Hakusafisha chochote. Nikakaa usiku ule na mswaki mkuukuu na kikombe cha mafuta ya taa, nikasugua gia jino kwa jino, nikazungusha kwa mkono mpaka tope likaisha, nikafuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nikaacha kikauke. Kisha matone machache ya mafuta ya cherehani kila panapopishana chuma kwa chuma, na grisi nyeupe kidogo sana kwenye gia. Kikawa chepesi kama nilivyokizoea. Nikajaribu tena. Tundu likatoka vilevile, limepinda.

Ndipo nikainama kuangalia chini, nikaona meno yanaivuta nguo huku kifaa kinaivuta kwake. Nikamimina kisanduku chote mezani: vibati vipo, skrubu zipo. Kifuniko cha meno hakipo.

Nikamrudia asubuhi. Hakusimama hata kunikaribisha. Nikamwambia, “Kaka, kuna kipande changu kimebaki hapa.” Akajibu huku anachezea simu: “Dada, hicho kipande hakina kazi. Hivi vitu vya zamani walikuwa wanajazia boksi tu.”

Nikageuka niondoke, nikakiona. Kimefungwa kwenye cherehani ya mteja mwingine pale pembeni, cherehani ya kudarizia kofia, kimefunika meno vizuri kabisa ili nguo izungushwe kwa mkono. Nakijua kwa mkwaruzo wa bisibisi alioupiga mama kwenye kona. Kwa hiyo alijua kazi yake! Alijua vizuri kuliko mimi siku ile!

Sikupiga kelele. Nilisema nitasimama hapo mpaka kifunguliwe, nikasimama. Wateja wakaanza kuuliza kuna nini. Akakifungua, akakitupa mezani, hakusema samahani. Yule mwenye kofia sijui aliambiwa nini, namhurumia, maana kazi yake nayo ilisimama.

Sasa kuhusu kununua. Ukikikuta bila kifuniko cha meno na cherehani yako meno hayashuki, kiache. Hapana, ngoja. Kinunue kama bei ni ndogo, kwa sababu kifuniko kinaweza kupatikana kwenye boksi la vifaa vya cherehani nyingine, ila pima kwanza kama tundu la skrubu linalingana na lako. Lakini ukikuta uma umepinda au gia imekatika jino, hapo usijidanganye. Na usikubali kushonewa mfano na muuzaji. Zungusha kwa mkono mwenyewe mzunguko mzima, usikilize kama kuna mahali panakwama. Nyumbani jaribu kwenye kipande cha nguo ileile utakayoshona, kilichokunjwa safu zilezile, kanyaga polepole kwa mwendo mmoja, na ukikata tundu kwa wembe weka pini ncha zote mbili usije ukapitiliza.

Nilisema kuna siku ningekuambia ukiache kioze. Jana nimemaliza shati la saba la yule mama, matundu saba, yote yamelala sawa, nikayapitisha kidole gumba moja moja. Hakuna mashine mpya niliyowahi kuijaribu iliyonipa tundu kama hilo, na nimejaribu kadhaa.

Fundi yule simrudii. Ila naye ndiye pekee hapa karibu anayejua kuirekebisha cherehani yangu inapoanza kuruka mishono, na ikianza tena nitabeba cherehani tupu, bila kisanduku cha kijani.