Huduma ya fundi wa paa, Mtwara Mjini
Fundi niliyemwita mwezi Januari kuziba paa linalovuja juu ya meza yangu ya kuandikia, hapa Shangani, alifika siku 3 baada ya ile tuliyokubaliana, akapaka lami kwenye matundu bila kung'oa hata msumari mmoja ulioliwa na kutu. Karibu na bahari hewa ya chumvi hula chuma upesi, ndiyo maana nilikuwa nimeshanunua misumari ya bati yenye mpira chini ya kichwa, nayo aliiacha kwenye pakiti. Mvua iliyofuata ililowesha kurasa 12 za mswada wangu, wino ukatapakaa hata maneno hayasomeki, jambo lililoniuma sana. Alirudisha nusu ya fedha bila ubishi, na kwa hilo ninamshukuru, lakini sitamwita tena.