Kuongeza kasi ya Subaru WRX: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Waulize mafundi watatu wa Nairobi uanzie wapi ili Impreza WRX yako ikimbie zaidi. Wa kwanza atasema ekzosi, wa pili turbo kubwa, wa tatu atakushauri ushushe injini nzima ya nusu gari, yaani gari lililokatwa katikati, kutoka Japani. Kila mmoja anakuuzia alichonacho. Mpangilio ulio hapa chini ni wa mtu anayetaka kitu kimoja tu, kasi ya juu kabisa. Hauhusu kelele wala kuchomoka kwenye taa. Nimeangalia kila shilingi inakuongezea kilomita ngapi kwa saa, na injini ina uwezekano gani wa kunoki kabla hujazifaidi.

Kabla ya kufungua mkoba, ielewe hesabu ya upepo, maana ndiyo inayowaumbua wauzaji. Gari likishavuka 150 hivi, kazi kubwa ya injini ni kupasua hewa, na nguvu inayotakiwa haipandi sambamba na kasi. Ukitaka kasi mara mbili unahitaji nguvu mara nane. Kutoka 240 hadi 260 ni ongezeko dogo la kasi, asilimia 8 tu, lakini linadai nguvu zaidi kwa asilimia 27. Gari la nguvu za farasi 250 linapaswa kufikishwa karibu 320 kwa ajili ya hizo kilomita 20. Akikuambia mtu kwamba filta ya hewa itakuongezea kilomita 20, mwulize farasi 70 zinatoka wapi.

Mwinuko nao una lake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Gari lisilo na turbo huchoka, lenye turbo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, hufidia kwa kuizungusha kwa kasi zaidi, nayo hupata joto zaidi. Kwa upande mwingine, hewa hiyo nyepesi hupasulika kwa urahisi, kwa hiyo WRX yenye turbo nzima inaweza kwenda vizuri kuliko wenyewe wanavyodhani. Likishuka Mombasa au Dar es Salaam, hewa ni nzito na joto ni kali. Gari lililotyuniwa, yaani lililopangwa upya kompyuta yake, Nairobi lipimwe upya huko chini kabla ya kukanyagwa hadi mwisho.

1. Kufungua 180, pamoja na tairi

WRX nyingi zilizopo kwetu zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako watengenezaji walikubaliana kuyafunga magari yao kwenye kilomita 180 kwa saa. Makubaliano mengine, yale ya kutozidi farasi 280, yalikufa mwaka 2004. Kufuli la 180 likabaki. Hata Nissan GT-R ya 2007, pamoja na ukali wake wote, iliuzwa Japani ikiwa imefungwa hapo hapo, na hufunguka tu pale GPS yake inapotambua kwamba iko kwenye uwanja wa mashindano.

Sasa chukua WRX ya 2001 yenye farasi 250. Nguvu ya kufika karibu na 240 imo ndani tangu kiwandani, ila kompyuta inaikatia mafuta. Hakuna kipuri chochote kitakachokupa kilomita 50 kwa bei ya kubadilisha tarakimu moja kwenye programu, ndiyo maana hii iko juu ya orodha bila mpinzani. Kwa Impreza za kuanzia mwaka 2000, fundi huchomeka waya chini ya usukani na kuandika upya. Zile za miaka ya 1990 kompyuta yake haiandikiki hivyo. Kwa hizo kuna vifaa vidogo kama HKS SLD ambavyo huidanganya kompyuta kuhusu kasi ya gari, au ununue kompyuta nyingine kabisa, kama Link ya New Zealand au Haltech ya Australia, ambayo ni pesa ndefu.

Ila usifungue kabla hujachuchumaa kando ya gurudumu ukasoma ubavu wa tairi. Utakuta kitu kama 215/45R17 87W. Hiyo herufi ya mwisho ndiyo kikomo chako halisi: S ni kilomita 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Magari mengi ya mkononi yamevishwa H kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi siku hiyo. Kisha tafuta neno DOT na tarakimu nne zinazolifuata mwishoni: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba kutoka Japani au Ulaya zinaweza kuwa na kashata nzuri na bado mpira wake umeshakauka. Kwa kazi hii nunua mpya, zote nne za aina moja, hasa kwa kuwa gari hili linavuta magurudumu yote manne na tairi zisizolingana hula difu.

Maji ya breki yabadilishwe siku hiyo hiyo. Hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na yakichemka pedali huenda hadi chini bila kushika kitu.

2. Kutyuni kompyuta

Hapa hununui faili, unanunua saa za fundi. Petroli ya daraja la juu ya Japani ina oktani karibu 100, na gari lako lilipangwa likitegemea hiyo. Ya vituo vyetu mara nyingi ni 93 au 95. Oktani ikipungua, mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni ingali inapanda. Injini za familia ya EJ, zilizomo kwenye Impreza hizi, hazivumilii mchezo huo. Pistoni hupasuka kati ya mifereji ya ringi, hasa kwenye zile za lita 2.5, na baada ya hapo gari linavuta moshi wa buluu na kula oili kila wiki.

Kwa hiyo fundi anayekuambia ana faili "kali sana" iliyotoka Uingereza, tayari kuwekwa kwa dakika 20, mshukuru na uondoke. Faili hiyo iliandikwa kwa petroli ya huko. Fundi wa kumpa pesa ataanza kwa kupima kompresheni ya silinda zote nne na kukataa kuendelea kama zimepishana sana. Atauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa sababu ukikatika kwenye injini hizi vali na pistoni hugongana. Atavalisha plagi mpya. Halafu atachomeka sensa ya kusoma mchanganyiko kwenye bomba la ekzosi, na turbo ikiwa inasukuma kwa nguvu zote utaona kwenye skrini sehemu 11 hivi za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Ikionyesha 13 hapo, mafuta hayatoshi, mwambie aachie pedali.

Omba rekodi za kabla na za baada, uondoke nazo kwenye flashi. Kama ana daino, mashine ya kupimia nguvu kwenye magurudumu, lipia vipimo viwili, cha kabla na cha baada, siku moja, gari lile lile na petroli ile ile. Karatasi ya kipimo kimoja haina maana, kila daino husoma kivyake.

Ukipata asilimia 15 ya nguvu, umepata kazi nzuri. Kwa hesabu ya upepo hiyo ni kama kilomita 11 juu ya 240. Naiweka ya pili kwa sababu, mbali na kasi, inaiponya gari na mpangilio usiolingana na mafuta yetu.

3. Ekzosi, lakini ile ya mbele

Pesa nyingi za wenye Subaru hupotelea kwenye muflo mkubwa wa nyuma. Mngurumo wanaousaka hautoki huko. Kwenye Impreza nyingi za zamani mabomba ya upande mmoja wa injini ni marefu kuliko ya upande wa pili, moshi unafika kwenye turbo kwa kupishana, na hapo ndipo ule mdundo unapozaliwa. STI, yaani WRX kali zaidi, za Japani za miaka ya 2000 zina turbo ya njia mbili na mabomba yanayolingana urefu, ndiyo maana hazingurumi vile. Nao wapo wanaozing'oa hizo mabomba nzuri na kufunga za urefu usiolingana ili gari liimbe. Wanalipa pesa kupunguza wepesi wa turbo. Ukitaka mngurumo, ni haki yako, ila uandike kwenye bajeti ya burudani.

Bomba lenye faida kwa kasi ni lile linalotoka moja kwa moja nyuma ya turbo. La kiwandani ni jembamba na lina kichujio cha gesi kinachobana. Likipanuliwa turbo inapumua. Angalia pia bomba linaloingia kwenye turbo: baadhi ya WRX zina kichujio kidogo humo ndani, na kikizeeka vipande vyake huingia kwenye mapanga ya turbo. Kukiondoa ni kinga zaidi ya kuwa nguvu. Nunua chuma cha pua kilichochomelewa vizuri, gasketi mpya, kisha rudi kwa fundi wa kompyuta, maana turbo iliyofunguliwa njia husukuma kupita kiasi. Ukijua utanunua bomba hili, fanya mambo mawili kwa safari moja ili usilipie kutyuni mara mbili.

4. Pampu ya mafuta na intakula

Pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa ndiyo wengi wanayofunga, na kwa sababu hiyo hiyo feki zake zimejaa. Ukiona bei nusu ya wengine, ndiyo hiyo. Kuhusu intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, usikimbilie ile kubwa ya mbele. Kwa kasi ya juu upepo unaifikia vizuri ya kiwandani kupitia pua ya boneti, na intakula ya mbele huizibia rejeta, jambo baya sana kwa gari lililokanyagwa mfululizo kwenye joto la pwani. Intakula ya mtumba ya STI inatosha.

5. Turbo kubwa

Turbo za IHI za herufi VF, zilizotoka kwenye STI, ndizo zenye akili kwa matumizi ya kawaida. Ukipewa ya mtumba, shika mhimili kwa vidole. Kucheza kidogo kando kunakubalika, kusukumika mbele na nyuma hakukubaliki, na mapanga yakigusa ukuta irudishe. Kwenye injini nyingi za EJ boliti inayopeleka oili kwenye turbo ina wavu mdogo ndani. Ukiziba, turbo mpya inakufa kama ile ya zamani na muuzaji anakuruka. Uvuliwe na kusafishwa kabla ya kufunga chochote.

Injekta kubwa, klachi ngumu kama ya Exedy na geji ya presha ya oili huja na kifurushi hiki. Gharama inapanda kwa kasi hapa, kilomita zinapanda kwa kusuasua.

6. Injini ya nusu gari au pistoni za kufua

Hii ni kwa mwenye uwanja wa kuchezea. Giaboksi ya gia tano ya WRX haipendi nguvu nyingi, kwa hiyo utaingia pia kwenye gia sita za STI na difu yake. Namba ya injini inabadilika, na Kenya ni lazima ikarekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, kwenye logibuku. Mjulishe pia wa bima, tena kwa maandishi, kwa sababu gari lililobadilishwa bila taarifa humpa sababu ya kukataa kulipa. Na kwa kuwa sheria ya Kenya inaishia 110 kwenye barabara kuu, yote haya ni ya njia iliyofungwa kwa ajili ya mashindano.

Viache dukani

Vali ya kupumulia nje, ile ya "pshh": hewa iliyokwisha kupimwa na sensa inamwagwa, kompyuta inaendelea kutia mafuta yake. Kichipu cha kuchomeka chini ya usukani kinachoahidi farasi 30: fungua kimoja, utakuta taa tu ndani. Filta ya koni iliyoachwa wazi kwenye joto la boneti. Chupa za kuongeza oktani kama mpango wa kila siku.

Mwisho, WRX S4, ambazo ndizo zinazoingia sasa chini ya kanuni ya Kenya ya miaka minane. Injini ya zile zenye FA20 ina farasi 300 na nyutoni mita 400, inaitikia kutyuniwa haraka sana, na wauzaji wanalijua hilo. Lakini nyuma yake kuna giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, yenye mnyororo, na mnyororo ukianza kuteleza hakuna wa kuurekebisha, inabadilishwa giaboksi nzima. Kwa S4, fungua 180, vaa tairi za W, badilisha oili ya CVT, halafu simama hapo.